Obellia Nebris, Mshona Viraka, Anayeagwa Bila Mwili

Wafiwa wenzangu, majirani wa Mtaa wa Kisima Kikavu, wanachama wa chama chetu cha kuzikana, na wewe Atimetus uliyetumwa na bwana wako kuja kutusikiliza.

Mnaona wenyewe kwamba juu ya jeneza hili hakuna mwili. Kuna mwanasesere wa sufu aliyevaa kanzu ya viraka na mshipi mwekundu. Mwili wa marehemu ulibebwa kutoka chumbani kwake na wapagazi wa Obellius Macer, aliyekuwa bwana wake, na mpaka asubuhi hii hatujaambiwa umezikwa wapi. Kwa hiyo leo, hapa kando ya Njia ya Aurelia, tutamchoma mwanasesere. Mimi ni Primilla, binti yake. Baba ameniomba nisome mimi kwa sababu yeye kila akifungua kinywa anatukana, na makaburini hapatukanwi. Mimi nitajitahidi.

Marehemu Obellia Nebris alizaliwa hapa Roma mwezi wa Aprili, mwaka uliofuata ule moto mkubwa, katika nyumba ya akina Obellius iliyoko mlima wa Caelius. Alizaliwa kwenye chumba cha nyuma ya jiko. Mama yake alinunuliwa Antiokia, akawa mpishi msaidizi, akafa kwa homa marehemu akiwa bado hajaota meno ya pili. Baba yake hakutajwa. Waliomjua Obellius mzee, baba wa huyu wa sasa, na waliowahi kumtazama marehemu kwa ubavuni, walikuwa na maoni yao na wakakaa nayo vifuani.

Katika nyumba ile, kama katika nyumba zetu zote, Sikukuu ya Njia Panda ilipofika walitundika sufu kwenye madhabahu ya njia panda ili wafu wapitao wachukue hiyo na kuwaacha walio hai. Kwa kila mtu huru walitundika mwanasesere. Kwa kila mtumwa walitundika donge. Marehemu alitusimulia kwamba alipokuwa mdogo alilitafuta donge lake miongoni mwa madonge, asilijue ni lipi, akamwuliza mpishi mkuu, "Bibi, mbona mimi sina uso?" Mpishi akamjibu huku akichambua kabichi, "Wafu hawaulizi sura ya mtumwa, mwanangu. Wanahesabu tu." Mama alikuwa akilisimulia jambo hili akicheka. Mimi sijawahi kucheka.

Kuhusu elimu: marehemu hakupelekwa shule. Watoto wa Obellius ndio waliokwenda kusoma kwa mwalimu mmoja chini ya turubai, sokoni, na marehemu alikuwa akiwabebea mfuko wa vibao vya kuandikia na kuketi nje pamoja na mbwa. Shule yake ilikuwa mitungi. Kila mtungi wa mchuzi wa samaki uliofika jikoni ulikuwa umeandikwa ubavuni kwa wino mweusi, na kwa kuwa alitumwa kila siku kuleta huu na si ule, aliishia kujua kusoma. Maneno ya kwanza aliyoyasoma maishani mwake yalikuwa "mchuzi safi wa samaki, umekaa miaka miwili." Alijivunia sana jambo hilo. Mimi mwenyewe alinifundisha kusoma kwenye barabara hii hii, akinishika mkono kaburi hadi kaburi: "Haya, soma hapa. Huyu alikuwa nani? Mkewe nani? Nani amemjengea?" Aliniambia mtu ambaye jina lake limeandikwa hajapotea. Leo nimeyapita makaburi hayo yote nikiyasoma, nikafika hapa kwenye kijishimo chetu cha kuwekea chungu cha majivu, nikakuta hatuna hata majivu ya kuweka.

Kushona alifundishwa na bibi mmoja mtumwa wa nyumba ile, mwenye jicho moja, aliyempiga makofi ya kichwa kila uzi ulipokwenda upande. Alijifunza vizuri. Alipokuwa msichana mkubwa ndiye aliyeshona matakia yote ya nyumba ya Obellius, na wageni wakubwa wa mji huu waliyaketia bila kujua.

Sasa naingia kwenye jambo lililotuleta hapa, nanyi mnisamehe sauti ikipanda.

Marehemu aliachwa huru usiku wa Sikukuu ya Saturni, mwaka wa tatu wa Kaisari Domitiano. Obellius mzee alikuwa amefariki karibuni na huyu Macer ameshika nyumba. Alikuwa amelewa, marafiki zake wamejilaza mezani, na mmoja wao akasifu matakia. Macer akampigia kelele mama, "Nebris! Njoo, njoo ukae hapa nasi ule. Kuanzia leo wewe ni mtu huru. Ninyi rafiki zangu ni mashahidi!" Wakapiga makofi. Wakamkatia kipande cha nguruwe. Mama akaketi ukingoni mwa kochi alilolishonea matakia mwenyewe, akala, machozi yakamdondokea kwenye nyama. Asubuhi yake akafunga kifurushi chake akatoka mlangoni. Hakuna aliyempeleka kwa hakimu, wala yeye hakujua kwamba kuna kupelekwa kwa hakimu. Ukifungwa miaka yote hiyo na siku moja mlango ukafunguliwa, husimami kuuliza mlango umefunguliwa kwa namna gani.

Alivuka daraja akaja ng'ambo hii ya Tiberi, akapanga chumba cha juu kabisa katika nyumba ya ghorofa ya mtaa wetu, mahali ambapo mvua ikinyesha nje inanyesha na ndani. Alifanya kazi ya kushona mablanketi ya viraka. Mnaijua kazi hiyo. Alikusanya matambara ya mji mzima, akayafua kwa mkojo wa mtungi ule wa kona ambao ninyi nyote, wanaume, mmeuchangia kwa moyo mkunjufu, akayakatakata na kuyaunga. Nilipokuwa mdogo wenzangu walinitania, "Primilla, mama yako ananuka mtungi." Nikamwambia. Akasema, "Waambie baba zao ndio wanaonuka. Mimi nafua tu." Wachukuzi wa gatini wamelala chini ya mablanketi yake. Walinzi wa moto waliyalowesha kwa siki na kuyatupia moto. Kiangazi kile tanuri la mwokaji Cossutius liliposhika paa, yale mablanketi ndiyo yaliyouzima, na kama yasingekuwapo nusu yenu msingekuwa mmesimama hapa mkikohoa kwa aibu mnapolisikia jina la Obellius.

Na kila mwaka, Sikukuu ya Njia Panda ikikaribia, mtaa mzima ulimletea vipande vya sufu awatengenezee wanasesere. Hakutengeneza wanasesere wa kufanana, kama wale wa sokoni. Alimtengeneza mtu kama alivyo. Mzee Cossutius, mwenyekiti wetu, alikuwa akija kila mwaka kulalamika. "We Nebris, tumbo hili ni la nani?"

"La mwenyewe, mzee. Mimi nashona ninachokiona."

"Wafu wataniona mlafi!"

"Basi watakuacha. Watajua hawawezi kukubeba."

Wa kwake mwenyewe alimshona wa mwisho kila mwaka, mwenye mshipi mwekundu, uso, macho, mikono miwili na miguu miwili. Akimtundika alikuwa akimshika kidogo kabla ya kumwachia.

Marehemu alifunga ndoa na baba yetu, Aponius Surus, mchukuzi wa mizigo kwenye gati la mto, mwezi wa Juni mwaka wa tano wa Kaisari yuleyule. Walikutana kwa sababu baba alileta blanketi lirekebishwe, kisha akalirudisha tena limechanika palepale, kisha tena, mpaka mama akamwambia, "Kaka, wewe unalichana kwa kisu. Useme unachotaka." Miungu iliwajalia mtoto wa kiume aliyekufa kabla hajapewa jina, halafu mimi. Kwenye karamu ya harusi Mzee Cossutius, ambaye anapenda kujua mambo, alimwuliza bibi harusi, "Hivi wewe ulipigwa ile fimbo ya hakimu ulipoachwa huru?"

"Fimbo?" akasema mama. "Mzee wangu, mimi nimepigwa fimbo tangu utotoni. Ya hakimu ndiyo ipi?"

Watu wakacheka. Cossutius hakucheka. Akamweleza taratibu kwamba mtu anaachwa huru sawasawa akisimamishwa mbele ya hakimu na kuguswa kwa fimbo begani. Aliyeachwa mezani, kwa maneno tu na kipande cha nguruwe, anaishi huru lakini hafi huru. Siku akikata roho, sheria inamrudisha alikokuwa: chote alichonacho ni cha bwana wake, kana kwamba hakutoka kamwe. Dawa ilikuwa ndogo. Bwana wake ampeleke tu kwa hakimu arudie. Safari ya asubuhi moja.

Kuanzia siku hiyo mama alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani. Alitaka afe akiwa na uso.

Kila asubuhi ya kumwamkia bwana alikwenda Caelius akasimama kwenye mstari mlangoni, na zamu yake ikifika alisema lilelile. Macer alimjibu lilelile. "Baada ya sikukuu, Nebris." Sikukuu ikapita. "Baada ya mavuno." Mavuno yakapita. "Baada ya binti yangu kuolewa." Binti akaolewa, akaachika, akaolewa tena. Wahenga husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yule hakumwumiza tumbo, alimla maisha. Na wakati huohuo hakusahau hata mara moja kumwita kufanya zile siku za kazi ambazo aliyeachwa huru anamtumikia bwana wake. Hapo kumbukumbu yake ilikuwa kali. Matakia, mapazia, nguo za wajukuu. Mama alishona vyote, kwa sababu kila aliposhona alidhani ameukaribia mlango wa hakimu. Baba alikuwa akimwambia, "Achana na yule mtu, mke wangu. Anakuchezea." Naye alimjibu, "Ana damu ndani yake kama watu wengine. Siku moja itamsuta." Haikumsuta.

Mwezi wa Oktoba uliopita marehemu alianza kukohoa. Kikohozi kikashuka kifuani kikakaa. Bi Thymele, jirani yetu muuza dengu za kuchemsha, alimletea asali na kitunguu saumu, na kwa muda alipata nafuu. Desemba likafika agizo kutoka Caelius: aje kujaza matakia mapya kwa ajili ya karamu za Saturni. Nilimsihi asiende. Manyoya ya bata na kifua kile! Akanishika shavu. "Mwaka huu ameapa, Primilla. Ameapa kwa miungu ya nyumba yake, mbele ya mkewe. Siku ya tatu baada ya sikukuu tunakwenda kwa hakimu." Akaenda. Akarudi kila jioni ana manyoya kwenye nywele na pumzi inalia.

Siku ya tatu baada ya sikukuu aliamka mapema akavaa kanzu safi. Baba alikuwa gatini. Nilikwenda naye mimi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya baridi. Tulisimama mlangoni kwa Obellius tangu alfajiri, na kila mara mlango ulipofunguka kidogo mama alinyoosha mshipi wake. Karibu na adhuhuri ndipo Atimetus, msimamizi wa nyumba, mtumwa naye, huyu mliyenaye hapo nyuma, alipotoka.

"Bwana hayupo," akasema. "Yuko shamba, Tuskulo. Aliondoka jana."

Mama hakuelewa upesi. "Jana? Na wewe umeniona nimesimama hapa tangu alfajiri?"

"Nimekuona."

"Sasa mbona hukuniambia, ndugu yangu?"

"Sikutumwa kukwambia."

Hivyo ndivyo alivyosema, na yeye yupo hapa, akanushe. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Darajani mama aliketi chini. Nilimbeba mgongoni sehemu iliyobaki, na alikuwa mwepesi kiasi cha kunitia hasira.

Hakuinuka tena. Lakini mikono ilifanya kazi, kwani Sikukuu ya Njia Panda ilikuwa inakuja na kapu la sufu lilikuwa limejaa. Alishona amelala, kichwa kwenye paja la baba, akimshona huyu kisha yule, na kila alipomaliza aliniambia nimpelekee Bi Thymele aweke kwenye kapu lake chini ya meza ya dengu. Wa kwake alimaliza wa mwisho. Alifariki dunia tarehe mosi Januari, mwaka wa saba wa Kaisari Trajano, asubuhi, watu wakipeana tende na asali na kutakiana mwaka mwema mitaani. Alikuwa hajafikisha miaka arobaini.

Tulikuwa bado tunamwosha Atimetus alipoingia na wapagazi wanne. Naomba mnivumilie hapa. Nataka kila mtu asikie.

"Poleni sana," akasema. "Nimekuja kuchukua vitu vya bwana."

Baba akauliza, "Vitu gani? Humu hamna kitu cha bwana wako."

"Aliishi huru, Bwana Aponius, sikatai. Lakini alikufa mtumwa. Walioachwa mezani ndivyo walivyo. Siku ya kufa wanarudi."

"Wanarudi wapi?"

"Walikotoka."

Bi Thymele alikuwa na beseni la maji mkononi. "We mwanaume, maiti haijapoa! Kwani huna mama wewe?"

"Sina," akajibu Atimetus. Akawaonyesha wapagazi kwa kidole, wakaanza. Walichukua mkasi wake. Walichukua sindano, jiko la mkaa, sufuria, na lile rundo la matambara linalonuka mkojo, ambalo sijui Obellius Macer analala nalo kitanda gani siku hizi. Kisha wakataka kitanda, na mama akiwa juu yake. Hapo baba akampiga mmoja ngumi ya shavu akaanguka kwenye ngazi, na mimi nikauma mkono wa mwingine, na sijuti. Atimetus akasubiri mpaka tukashikwa. Akasema kwa sauti ileile, "Bwana aliniambia kukiwa na ubishi nichukue na mwili." Wakaubeba na kitanda chake, nywele zikiwa bado majimaji, wakashuka nao ngazi zote zile mbele ya macho ya mtaa. Bora punda afe mzigo ufike, husema watu. Kwa Obellius hata punda akifa anadaiwa ngozi.

Kesho yake nilikwenda uwanja wa mahakama nikamkuta mwanasheria mmoja anakula soseji. Nikamweleza. Akatafuna mpaka mwisho. "Vitu ni vyake, binti. Sheria iko wazi. Mwili, hapana, sheria haisemi lolote juu ya mwili."

"Kwa hiyo ataurudisha?"

"Nani atamshitaki? Una mtu?"

"Nina baba."

"Nimekuuliza una mtu."

Hayo ndiyo majibu niliyopewa katika mji huu uliojaa sheria.

Basi tukakiendea chama chetu. Marehemu alikuwa mwanachama mwaminifu, alimzika kila mtu aliyetangulia, na kwenye chakula cha chama alikuwa akiimba vibaya kuliko wote. Kanuni zetu, mnazijua, zimechongwa kwenye jiwe ukutani, na moja inasema: mwanachama mtumwa akifa na bwana wake akakataa kutoa mwili, chama kitamfanyia mazishi ya sanamu. Mzee Cossutius aliisoma kwa upole akasema, "Mlango ni huu, mwanangu. Tutamzika mama yako kwa kanuni hii."

Nikamwambia sitaki. Wengine mlikuwapo, mlinisikia nikipiga kelele. Niliwaambia nikikubali kanuni hiyo nimekubali mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba mama alikuwa mtumwa. Yule mtu alimwibia mwili. Mimi nimpelekee na kilichobaki? Cossutius akasema kanuni ni kanuni, imechongwa kwenye jiwe, haikuandikwa kwenye nta. Watu wakaanza kubishana, nusu huku nusu kule, na wapo waliosema binti wa mshona viraka anajiona. Ndipo Bi Thymele akasimama.

"Hapo penye 'mtumwa' futeni. Andikeni 'aliyeibiwa.' Mwanachama aliyeibiwa mwili wake."

"Bibi, nimesema ni jiwe," akasema Cossutius.

"Basi lete patasi. Au tumbo limekuzuia kuinama?"

Watu wakacheka, lakini baba alikuwa ameshatoka. Alirudi na patasi na nyundo ya jirani yetu mchonga mawe. Alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti, namshukuru mbele yenu nyote, alichukua taa akammulikia. Neno "mtumwa" halipo tena ukutani pale. Kuna kovu, na juu yake neno jingine lililopinda, kwa kuwa baba si fundi. Kila atakayeingia katika chama hiki baada yetu ataliona na atauliza.

Kwa hiyo huyu aliyelala hapa hatukumtengeneza sisi. Marehemu alijishona mwenyewe. Ilikuwa atundikwe njia panda wafu wamchukue, wamwache mama. Safari hii mwanasesere amebaki na mama ndiye aliyechukuliwa, na waliomchukua hawakuwa wafu.

Atimetus, sogea mbele. Sikupi nafasi ya kusema, wewe ulishasema. Jioni ya sikukuu tulipogawa wanasesere, Bi Thymele alikuta chini kabisa ya kapu mmoja asiye wa mtu yeyote wa mtaa huu. Ana kipara, ana funguo mshipini, na mdomo umeshonwa mstari mmoja ulionyooka. Tulimtambua mara moja. Mama alimshona baada ya siku ile ya mvua. Najua, kwa sababu uzi ule tulinunua baada ya siku ile. Miaka yote nyumba yenu ilipoagiza kwake, alikutengenezea donge kama wenzako. Mwaka huu alikutengenezea macho. Sijui alikuwa anawaza nini. Mimi ningekutengenezea donge, na ningeliloweka kwenye mtungi wa kona. Lakini kazi ilikuwa yake na zawadi ni yake, siwezi kumwibia nami. Mchukue. Ukamtundike au ukamfiche, shauri yako. Halafu ukamweleze bwana wako yote uliyoyasikia hapa. Nimekutuma.

Kwa mujibu wa sheria, marehemu hakuacha mtu. Mtumwa hana mume, wala hana mtoto wa kumrithi. Basi sikilizeni. Marehemu Obellia Nebris ameacha mume, Aponius Surus wa gati la mto, ambaye blanketi lake halitashonwa tena. Ameacha binti, mimi Primilla, mshona viraka, niliyeazima mkasi kwa jirani na nitaanza kazi kesho. Ameacha rafiki yake Bi Thymele, na mtaa mzima wa Kisima Kikavu uliolala chini ya kazi yake. Amemfuata mwanawe wa kwanza, aliyekufa bila jina. Kwenye kijishimo chetu kibao kimeshawekwa, nimekiandika mwenyewe kwa herufi ambazo mama alifundishwa na mitungi: OBELLIA NEBRIS, MWANAMKE HURU. Hakuna 'aliyeachwa huru na fulani' hapo, na hakuna patasi itakayokigusa baba akiwa hai, wala mimi nikiwa hai.

Mama, udongo usikulemee, popote walipokutupa.

Baba, washa.